Bei Hii Ni Halali? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari ya Misuli ya Kimarekani

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: gari nimelipenda, bei nimetajiwa, nitajuaje kama si ya kuumizwa? Magari yenyewe ni yale ya Marekani ya milango miwili, bodi ya wastani na injini kubwa ya V8, yaani ya silinda 8. Yalipata umaarufu Pontiac ilipoanza kuuza GTO mwaka 1964 ikiwa na injini ya inchi za ujazo 389, na kufikia 1972 enzi yao ilikuwa inazama. Majibu yetu yote yana mzizi mmoja. Kila dola inayozidi bei ya gari la kawaida la aina hiyo inalipia dai fulani la muuzaji, na dai lisilo na ushahidi halilipiwi.

Nimeonyeshwa Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, buluu yenye mistari mieupe, kwa dola 78,000. Muuzaji anasema namba ya chesisi inathibitisha kuwa ni Z/28 halisi. Nembo zipo, boneti ipo, na injini ni ile ya inchi za ujazo 302. Nilipe?

Usilipe bado. Namba ya chesisi ya Camaro ya 1969 haisemi lolote kuhusu Z/28. Ikianza na 124, gari lilitoka na V8. Ikianza na 123, lilitoka na injini ya silinda 6. Tarakimu mbili zinazofuata ni za bodi: 37 ni paa gumu, 67 ni paa la kukunja. Kisha inakuja 9 ya mwaka 1969, herufi ya kiwanda (N ni Norwood, Ohio; L ni Los Angeles), halafu namba ya mfululizo. Basi. Z/28 ilikuwa oda ya nyongeza, yaani kifurushi alichokiagiza mteja juu ya Camaro ya kawaida, na oda hazikuandikwa humo. Mwaka ule ziliundwa Camaro 243,085, na Z/28 zilikuwa 20,302, yaani kama moja katika kila 12. Nembo, boneti na mistari huuzwa vipya hadi leo, kwa hiyo visikuongezee hata dola moja.

Anza na vitu ambavyo kiwanda hakikuviuza. Z/28 ya 1969 haikutoka na gia za otomatiki, haikutoka na kiyoyozi, na haikutoka na paa la kukunja. Gia 4 za mkono na breki za diski mbele vilikuwa vya lazima, na difu ilikuwa ile ya bolti 12. Ukiona matundu ya kiyoyozi cha kiwandani kwenye dashibodi ya gari linaloitwa Z/28, maongezi ya dola 78,000 yameishia hapo.

Kisha nenda kwenye injini ukiwa na tochi na kioo kidogo cha mkono. Mbele ya hedi ya silinda ya upande wa abiria pana uso bapa wa chuma, na mwaka 1969 alteneta huuficha kidogo. Hapo utatafuta maandishi ya aina mbili. La kwanza ni la kiwanda cha injini, kwa mfano V0221DZ: V ni Flint, 0221 ni tarehe 21 Februari, na DZ ndiyo alama ya 302 ya Z/28 ya mwaka huo. La pili ni kipande cha namba ya chesisi, kinachoanza na 19N au 19L na kufuatiwa na namba ileile ya mfululizo iliyo kwenye dashibodi. Ukiona DZ lakini mfululizo ni wa gari jingine, injini ni ya Z/28 ila si ya gari hili.

Sasa panga tarehe. Nyuma ya bloku, karibu na giaboksi, kuna tarehe ya kumiminwa chuma: herufi ya mwezi kuanzia A kwa Januari, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. B 10 9 ni tarehe 10 Februari 1969. Kwenye ukuta wa injini, ule unaoitenganisha na chumba cha abiria, kuna kibao chenye tarehe ya bodi, kama 03B, wiki ya pili ya Machi. Mfuatano unatakiwa uwe hivi: bloku imemiminwa, injini imefungwa, bodi imeundwa, na nafasi kati yake iwe ya siku au wiki chache. Injini iliyofungwa Aprili haiwezi kuwa ndani ya bodi ya Machi. Ikiwa imeitangulia bodi kwa nusu mwaka, dai maelezo yenye karatasi.

Kibao hichohicho kinaweza kukupa zawadi. Norwood ilianza kugonga alama za X, zinazoonyesha toleo la gari, mwezi Desemba 1968, na X33 au X77 ni za Z/28. Gari la Los Angeles halina alama hizo kabisa, na la Norwood la mapema nalo halina, kwa hiyo kukosekana kwake si hatia. Lakini gari la Norwood la Machi lenye X nyingine, au lisilo na X yoyote, linajishtaki lenyewe.

Bei basi. Ikiwa uso wa injini, tarehe, X na karatasi za mnunuzi wa kwanza vinakubaliana, linganisha dola 78,000 na mauzo ya Z/28 nyingine zenye ushahidi na hali kama hiyo. Ikiwa una X33 lakini injini imebadilishwa, gari ni Z/28 halisi iliyopoteza moyo wake. Sisi tungekata kati ya robo na theluthi. Ikiwa huna chochote isipokuwa nembo, mbele yako ipo Camaro ya V8 iliyopambwa. Chukua bei ya Camaro ya V8 ya kawaida yenye hali hiyo, ongeza kama nusu ya bei ya sokoni ya spea zinazoweza kuuzwa peke yake, yaani giaboksi, difu, breki na hiyo 302, kisha usiongeze kitu kingine.

“Namba zote zinalingana” ina maana gani hasa? Kila tangazo linasema hivyo.

Ina maana nyepesi na maana nzito, na wauzaji huchukua pesa ya nzito huku wakikupa nyepesi. Maana nzito: bloku, na vizuri zaidi giaboksi pia, vina kipande cha namba ya chesisi ya gari hilohilo, kilichogongwa kiwandani. Kuanzia magari ya mwaka 1968 alama hiyo ilikuwa jambo la kawaida kwa viwanda vya Marekani. Maana nyepesi: namba za kumimina chuma na tarehe zinafaa mwaka wa gari, ingawa bloku ilitoka kwenye gari jingine. Hilo si baya, ila ni bidhaa nyingine, nayo ina bei nyingine. Muulize muuzaji kwa maneno haya: “Mfululizo wa kwenye dashibodi na wa kwenye bloku ni uleule? Nipigie picha zote mbili.”

Picha ikifika, usisome namba peke yake, soma chuma. Kwa Chevrolet, uso ule bapa ulipasuliwa kiwandani kwa mashine iliyoacha mistari myembamba inayokwenda mbele na nyuma. Mistari hiyo inatakiwa ionekane chini ya herufi na kati yake. Uso laini kama kioo, au wenye mikwaruzo ya duara ya msasa wa mashine, umeguswa. Huenda fundi alisawazisha bloku kihalali wakati wa kuifungua injini, na hakukuwa na udanganyifu wowote. Hata hivyo ushahidi umekwenda na vumbi la chuma, na mnunuzi atakayekuja baada yako hatalipia kumbukumbu za fundi. Angalia pia umbo la herufi: 1 au 3 isiyofanana na zile za magari mengine ya kiwanda na mwezi huo ni ishara mbaya.

Magari ya Chrysler yana neema ambayo Camaro haina. Kwa Dodge na Plymouth, herufi ya tano ya namba ya chesisi ndiyo injini. Chukua BS23R0B: B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, toleo kali la Barracuda, 23 ni milango miwili ya paa gumu, R ni injini ya Hemi ya 426, 0 ni 1970, B ni kiwanda cha Hamtramck. Plymouth Road Runner ya 1970 inayoanza RM23V0 ilitoka na injini ya 440 yenye kabureta 3 za koo mbili kila moja. Bloku ikipotea, V inabaki kwenye dashibodi, na gari linabaki na heshima yake japo si yote. Ndiyo sababu Hemi iliyopoteza injini bado hupiganiwa, lakini Camaro yenye injini ngeni na kibao kisicho na X haina cha kujitetea.

Nina kitabu cha bei, nina matokeo ya minada, nina matangazo. Vyote vitatu havikubaliani hata kidogo. Nifuate kipi?

Havikubaliani kwa sababu havipimi kitu kimoja. Tangazo linapima matumaini ya muuzaji. Gari lililotangazwa miezi 8 kwa bei ileile limekwisha kukuambia kuwa soko limeikataa bei hiyo, kwa hiyo matangazo yatumie kujua magari mangapi yapo, si yanauzwa kwa kiasi gani.

Mnada unapima watu wawili ndani ya dakika chache. Kwanza angalia kama bei iliyochapishwa ina kamisheni ya mnunuzi. Kwenye minada mikubwa kama ya Mecum na Barrett-Jackson kamisheni ya anayenunua ukumbini kwa kawaida ni asilimia 10. Nyundo ikigonga dola 60,000, unatoa 66,000, kabla ya kodi na usafiri. Kwa hiyo ukitumia 66,000 kama kipimo cha gari la muuzaji binafsi, umemzawadia 6,000 ambazo zingekwenda kwa wenye mnada. Pili, angalia magari ambayo hayakuuzwa kwa sababu hayakufikia bei ya chini ya mwenyewe. Dau la juu lililokataliwa ni habari nzuri sana: linaonyesha mahali watu waliposimama.

Kitabu cha bei kinapima wastani, na kosa la wengi ni kukosea daraja la hali. Hagerty, ambao wengi huwatumia, wana madaraja manne. La 1 ni gari la maonyesho, kati ya yaliyo bora duniani. La 2 linaweza kushinda onyesho la mtaani na makosa yake yanahitaji jicho la fundi. La 3 linaendeshwa bila taabu na linapendeza, ila ukisogea karibu unaona rangi iliyochoka na kromu yenye vidoti. La 4 lina kasoro anazoziona kila mtu. Karibu kila muuzaji hulipandisha gari lake daraja moja. Gari la 3 lililoandikwa 2 ndilo kosa la bei linalotokea mara nyingi kuliko yote, na pengo kati ya madaraja hayo mara nyingi ni kubwa kuliko punguzo lolote utakalolipata kwa kubembeleza.

Tunavyofanya hesabu: tafuta mauzo halisi 4 hadi 6 ya ndani ya miezi 12, ya mwaka, injini, gia na bodi zilezile. Ondoa la juu kabisa na la chini kabisa. Yaliyobaki yarekebishe kwa hali, kwa ushahidi, na kwa rangi. Rangi si jambo dogo: 'Cuda iliyotoka kiwandani na zambarau ile kali na bado ni zambarau hupata wanunuzi haraka, lakini ya kijani kibichi iliyopakwa zambarau hukatwa, kwa sababu msimbo kwenye kibao utaendelea kusema kijani.

Na usiburuzwe na bei za magazeti. Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja iliuzwa Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Magari ya namna hiyo yaliyoundwa ni machache kiasi kwamba yanahesabika kwa vidole. Bei hiyo haiipandishi Barracuda ya injini ya 318 hata kwa dola mia.

GTO ya 1965: muuzaji amekiri kwamba namba inasema LeMans tu. Ni mwongo?

Hapana, na kukiri kwake ni dalili njema. Mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa oda ndani ya LeMans, modeli nyingine ya Pontiac, kwa hiyo ya 1965 huanza na 237 sawa na LeMans yoyote. Kuanzia 1966 hadi 1971 ilikuwa na mfululizo wake wa modeli, nayo huanza na 242, kisha 1972 ikarudi kuwa oda. Kwa Pontiac kuna njia rahisi: PHS (Pontiac Historic Services) hutoa nakala za rekodi za kiwanda kwa kila namba ya chesisi, zikionyesha injini, gia, rangi na oda zote. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari lenyewe. Muuzaji wa GTO ya 1965 asiye na karatasi ya PHS, na asiyetaka ukaiagize kabla ya kulipa, mwache na gari lake.

Kwa Ford ya kuanzia 1967 msaada kama huo ni ripoti ya kampuni ya Marti, inayotokana na rekodi za Ford yenyewe. Mustang ya 1970 inayoanza 0R05R ni toleo la Mach 1 la kiwanda cha San Jose lenye injini ya 428 Cobra Jet ya kuvuta hewa kupitia boneti. Ikiwa herufi ya tano ni H, ilitoka na 351 ya kabureta ya koo mbili. Kwa macho magari hayo mawili yanaweza kufanana kama mapacha, huku bei zao zikiwa mbali kabisa.

Chevrolet Chevelle SS 396 ya 1967 imefufuliwa yote. Mwenyewe ana risiti za dola 94,000 na anauza 85,000, anasema ananipa kwa hasara. Huo si ununuzi mzuri?

Risiti zinaeleza alichotumia yeye. Hazielezi gari lina thamani gani. Kufufua gari la namna hii kunaweza kumeza zaidi ya saa 1,000 za fundi, na kwa magari mengi ya kawaida gharama huipita bei ya sokoni. Hasara ni yake, usikubali kuigawana.

Habari njema ni kwamba utambulisho hapa ni mwepesi. Kuanzia 1966 hadi 1968 SS 396 ilikuwa na mfululizo wake wa modeli, na namba huanza na 138. Mwaka 1969 na kuendelea SS ikawa oda, na 136 haithibitishi kitu. Ikiwa yako ni 138, macho yote yaelekee kwenye hali.

Zisome risiti kwa kugawa mafungu. Pesa iliyokwenda kwenye mabati, kunyoosha bodi na chesisi ndiyo inayokulinda wewe. Pesa iliyokwenda kwenye muziki, rimu kubwa na viti vya ngozi ni ladha ya mwenyewe, na huenda utalipa tena kuvitoa. Risiti ya rangi isiyotanguliwa na risiti ya mabati kwenye gari la umri huu inatia shaka kubwa: kutu haikutoka, ilifunikwa.

Tafuta kutu hapa. Kwenye Chevelle, maji hukaa kwenye mfereji wa kioo cha nyuma, hasa pembe za chini, kisha hudondoka ndani ya buti. Inua zulia la buti utazame sakafu yake na mabati yanayoshuka nyuma ya magurudumu. Kutoka hapo ingia chini: chesisi ya Chevelle ni kamili, imetenganishwa na bodi kwa mpira na bolti, na huoza karibu na magurudumu ya nyuma ambako matope hujikusanya. Pigapiga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Mkitazama Mustang, adui yupo chini ya matundu ya hewa mbele ya kioo: mwaga maji kidogo pale, kisha inua zulia la miguuni. Zulia likilowa, kazi ya kulitengeneza ni ndefu kwa sababu bati lenyewe limefichwa chini ya paneli iliyochomelewa. Kwa Dodge na Plymouth angalia boriti inayoshika tosheni baa (fito za chuma zinazofanya kazi ya springi mbele), reli za nyuma, na paa lolote lililofunikwa kwa vinaili, maana vinaili hushika maji kama sponji.

Beba kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani ya enzi hizo iko kama maikroni 100 hadi 150. Rangi mpya nzuri juu ya praima huwa 200 hadi 350. Ukisoma 1,000 na zaidi, unapima puti. Puti kidogo kwenye bati la gurudumu la nyuma inasameheka. Puti sehemu zote za chini za milango na madigadi ina maana hakuna aliyebadilisha bati. Sumaku iliyofungwa kwa kitambaa hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo, japo haikupi namba.

Injini ipimwe kompresheni ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, na kabureta imefunguliwa mpaka mwisho. Silinda zitofautiane kwa asilimia 10 hadi 15, si zaidi. Ikitofautiana zaidi, pima uvujaji kwa hewa: chini ya asilimia 10 ni nzuri, zaidi ya 20 ni matengenezo. Sikiliza hewa inakotokea. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Tazama pia matairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Matairi ya zaidi ya miaka 10 yanabadilishwa hata kama bado yana meno.

Baada ya hapo pata makadirio ya fundi kwa kila kasoro, na kwenye fungu la kutu ongeza theluthi, maana kutu ikifunguliwa huwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Toa jumla hiyo kwenye bei ya SS 396 ya daraja la 2, si kwenye 85,000 zake. Jibu utakalopata ndilo la kumpelekea, likiwa na orodha ya kasoro kwenye karatasi. Muuzaji anaweza kuibishia bei yako, lakini hawezi kubishana na soketi ya plagi na namba iliyo kwenye kipimo.

Chevelle ya 454 ya 1970 imeandikwa nguvu za farasi 360, ya 1972 imeandikwa 270. Ndiyo maana ya 1972 ni rahisi?

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya kipimo. Hadi 1971 nguvu ya matangazo ilipimwa injini ikiwa mezani, bila vifaa vinavyoinyonya. Kuanzia 1972 ilipimwa ikiwa na ekzosi yake, kichujio cha hewa na vifaa vyake. Kuna upungufu wa kweli pia, kwa sababu General Motors ilishusha kompresheni mwaka 1971 ili injini zikubali petroli ya okteni ya chini. Lakini usimruhusu mtu akukatie bei ya 360 kutoa 270 kana kwamba ni mizani moja. Kinachoipandisha ya 1970 zaidi ni kuwa mwaka ule palikuwa na injini ya LS6 ya nguvu 450 pia, na kila 454 ya 1970 hujaribu kuvaa jina hilo. Ukiambiwa LS6, rudi kwenye jibu la kwanza: msimbo wa injini, tarehe, karatasi.

Gari la rangi ya asili, imepauka, viti vimechanika kidogo, halijafufuliwa, na bei yake ni kubwa kuliko lililong'arishwa. Kuna haki hapo?

Inaweza kuwapo, na sisi tungelipendelea. Gari lisiloguswa limebeba ushahidi wake lenyewe: alama za chaki za wafanyakazi wa kiwanda, rangi iliyorukia mahali isipotakiwa, klipu na mabomba yenye tarehe, karatasi ya kiwandani iliyosahauliwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti cha nyuma. Fundi mzuri anaweza kuigiza vyote hivyo, ila hawezi kuviigiza vyote bila kukosea. Lakini kupauka si sawa na kuoza. Sakafu ikiwa na matundu, neno “asili” halipunguzi gharama ya kuchomelea, na rangi iliyopakwa upya mwaka 1985 kisha ikazeeka si ya kiwandani.

Mwisho: muuzaji yuko jimbo la mbali na ana karatasi zote. Nitume pesa?

Karatasi hutengenezwa. Karatasi za kiwandani na stika za dirishani za kuiga huuzwa, hupakwa chai na kukunjwa zionekane za kale. Kwa hiyo zisomwe pamoja na gari: msimbo wa rangi ulioandikwa uwe ule wa kwenye kibao, namba ya chesisi iwe ileile hadi tarakimu ya mwisho, na tundu la panya au doa la maji lipite kwenye kurasa zote pale zilipokunjwa. Kibamba kile kidogo cha chuma cha dhamana ambacho Chevrolet ilikiweka ndani ya kijitabu nacho kifananishwe na chuma cha gari.

Mtume mkaguzi asiyemjua muuzaji, kwa malipo yako, alikague gari likiwa juu ya lifti na si juu ya majani. Mpe orodha yako ya picha: uso bapa wa injini, kibao cha ukuta wa injini, tarehe za bloku, na ncha za reli. Mwombe pia picha ya riveti za bamba la namba ya chesisi kwenye dashibodi. Za asili kwa magari mengi ya enzi hizi zina kichwa chenye petali sita kama ua dogo. Riveti za kawaida, gundi, au mikwaruzo pembeni ya bamba ina maana limewahi kutolewa, na kwa sheria ya Marekani kuchezea bamba hilo ni kosa la jinai linaloweza kukupotezea gari zima. Kwa Camaro ya 1969 kuna namba za siri zinazotakiwa kukubaliana nalo, moja chini ya paneli ya matundu ya hewa mbele ya kioo, nyingine nyuma ya kisanduku cha hita.

Hati ya umiliki iwe na jina la huyo anayekuuzia. Ikiwa ina jina la mtu mwingine, au inaonyesha deni la benki ambalo halijafutwa, pesa isubiri kwa mwamana anayeshika malipo ya pande zote mbili mpaka hati safi ifike. Muuzaji akikuambia kuna mwingine anakuja na pesa taslimu jioni, mwache auze.